UZI: Simu ilikuwa inacheza ludo badala ya mtoto wangu. Nyinyi mnacheza nini nyumbani?

Mama wa Katindo (Goma)

Habari zenu wandugu. Nina watoto wanne, wa kwanza miaka 12, wa mwisho miaka 3. Naandika kwa sababu ya huyu wangu wa tatu, mwenye miaka 6. Ludo ya simu anaijua hadi anatushinda mimi na baba yake. Sasa wa Goma mnakumbuka mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini: shule zimefungwa, umeme hakuna, intaneti hakuna, simu zote zimezima. Tukatoa ubao wa zamani wa shemeji yangu, ule wenye kioo juu. Mtoto akatupa dadu, ikaja 5. Akakaa anaitazama kete. Anangoja itembee yenyewe.

Nilianza kucheka, kicheko kikakatika. Miaka miwili ya ludo, na hajawahi kuhesabu hata hatua moja. Simu inatupa dadu, simu inahesabu, simu inamwonyesha kete gani itoke, simu inairudisha nyumbani iliyoliwa. Kazi yake yote ilikuwa kugusa kioo. Kwenye ubao inabidi asome nukta mwenyewe, ahesabu vyumba bila kuruka, akumbuke zamu ni ya nani, na amlinde dada yake asiibe. (Anaiba, huyo wa miaka 9. Anaruka chumba kimoja huku akipiga kelele ili tusimwone. Nakiri kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuhesabu haraka, siyo mimi.)

Tangu siku hizo tunacheza jioni maharagwe yakiwa motoni. Mnajua maharagwe yanavyochukua muda. Swali langu: nyinyi mnacheza nini na watoto, na mnatengeneza kwa kitu gani? Pesa ya maboksi yanayotoka Ulaya sina.

Papa wa Panzi (Bukavu)

Mama, hongera kwa moyo huo, lakini kwangu karte na dadu haviingii. Nilikulia karibu na mahali vijana walikuwa wanacheza kamari mchana kutwa. Niliona kwa macho yangu mtu anaacha pale minervali, yaani pesa ya shule, ya watoto wake. Hata leo dadu ikigonga meza mama yangu anashtuka. Mtoto ataanza kwa kete za plastiki, kesho ataweka falanga 500.

Mama wa Katindo (Goma)

Papa, nakuelewa, sikubishii. Kwetu hakuna kinachowekwa mezani, hata pipi. Aliyeshindwa anaosha sahani, na hapo nimeshangaa: sahani zinaoshwa bila kelele kuliko nikiagiza.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama wa Katindo umenigusa. Nafundisha mwaka wa kwanza, watoto wamejaa hadi wengine wanaandikia magotini, kwa hiyo mzazi anayehesabu na mwanawe nyumbani ananitua mzigo.

Hilo uliloliona limepimwa na watu. Mwaka 2008 huko Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani walichukua watoto wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo, wakawachezesha mchezo mwepesi mpaka utaudharau: vyumba 10 katika mstari mmoja, vimeandikwa 1 hadi 10, na mshale wa kuzungusha unaotoa 1 au 2 tu. Vikao vinne vya kama robo saa, ndani ya wiki mbili. Kundi la pili lilicheza ubao wa namna ileile, ila badala ya namba uliwekwa rangi. Wale wa namba wakawa wanasoma tarakimu vizuri zaidi, wanalinganisha ipi kubwa, wanajua namba inakaa wapi kwenye mstari. Walipopimwa tena wiki 9 baadaye, bado walikuwa nayo. Wale wa rangi walibaki palepale. Mwaka uliofuata wakajaribu vyumba vilivyopangwa duara, na duara haikusaidia kama mstari.

Sasa tazama ludo yako, mama: inazunguka, na vyumba vyake havina namba. Kwa kusoma dadu na kungoja zamu ni nzuri. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 anayeanza kujua namba, chora mstari kwa makala kwenye saruji, vyumba 10, utupe kizibo cha soda: kikilala chali ni hatua 1, kifudifudi ni 2. Papa wa Panzi, hapo hata dadu hakuna.

Halafu kuna kosa ambalo wazazi wengi tunalifanya, mimi mwenyewe nililifanya kwa wangu wa kwanza. Kete iko kwenye 5, mtoto ametoa 2. Asisogeze akisema "moja, mbili". Aseme "sita, saba". Siegler na mwenzake Elida Laski walilipima hilo pia, matokeo yakatoka 2014, kwa ubao wa namba hadi 100. Watoto waliotaja namba za vyumba walivyopita ndio waliojifunza. Waliokuwa wanarudia moja, mbili, tatu kila zamu hawakufika mbali, na ubao ulikuwa uleule.

Mchuuzi wa Birere (Goma)

Nyinyi mna muda. Mimi saa 11 alfajiri niko njiani kwenda Petite Barrière, pale mpakani na Rwanda, narudi giza limeingia. Mwanangu wa miaka 8 ananisaidia siku za mapumziko, anabadilisha dola kwa falanga kichwani na kurudisha chenji bila kukosea. Hakucheza ludo, wala hakuchorewa mstari na mtu.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama, una haki. Huyo ana mchezo wake tayari, tena mgumu kuliko wetu. Na hesabu ya darasani anapata ngapi?

Mchuuzi wa Birere (Goma)

Hapo umenipata. 3 kwa 10.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Ndivyo nilivyodhani, ninao wengi wa namna hiyo. Kichwani anajua, kwenye kaye (daftari) anapotea, kwa sababu hajawahi kuona kwamba alama za ubaoni ndizo zilezile anazozifanya sokoni. Jumapili moja mpe mdogo wake awe mteja. Panga vizibo, sabuni, nyanya mbili. Yeye muuzaji, lakini sheria iwe moja: bidhaa haitoki bila faktire, karatasi ya bei, iliyoandikwa. Aandike 1 500 + 700, chini aweke jumla, aandike na chenji. Mdogo wake ana ruhusa ya kukataa faktire yenye kosa. Utaona anavyokasirika, na utaona anavyoandika.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)

Yambo yenu! Miye niko Lubumbashi, mtanisamehe Kiswahili chetu. Batoto ba ku nyumba ni ba yaya wangu, mi njo nabaki nabo mangaribi.

Niongeze kitu juu ya namba. Kambo wetu, ni kusema bibi, hasemi ishirini wala thelathini, anasema makumi mbili, makumi tatu. Darasani wanasema vingt, trente, septante, nonante. Zamani nilikuwa naona haya kumsikia kambo akihesabu hivyo mbele ya wageni. Sasa nimechora ubao wa nyoka na ngazi nyuma ya kalenda, vyumba 100, mistari kumi. Mtoto akifika 67 kambo anamwambia sema, anasema "makumi sita na saba". Hebu angalia ubao: mistari sita imejaa, na vyumba saba juu yake. Jina la namba na mahali kete iliposimama ni kitu kimoja. "Soixante-sept" ni ya kukariri tu kwanza, maana yake inakuja nyuma.

Ila msichore kama ule wa dukani, unaopanda kama nyoka, mstari huu kulia, unaofuata kushoto. Wangu nimeuanza kushoto kila mstari. Hivyo 7, 17, 27 mpaka 97 zinasimama kwa safu moja, mtoto akitaka kuongeza kumi anapanda tu moja kwa moja. Siku aliyogundua hilo alitushinda wote, akaacha kuhesabu kwa kidole.

Mama wa Katindo (Goma)

Nimerudi, wiki imepita. Mwalimu, ile ya "sita, saba" nimejaribu. Mtoto amegoma. "Mama, dadu imesema mbili, kwa nini niseme saba?" Na mimi sikuwa na jibu, nikasema tu ndivyo mwalimu alivyoagiza, na mnajua jibu la namna hiyo linavyopokelewa.

Siku ya pili nikamwambia: hivi ni vyumba vya majirani. Ukitoka kwetu kwenda kwa koko (bibi yako) unapita kwa nani, unamsalimia nani? Dadu inakwambia utapita milango mingapi, lakini mlangoni unamtaja mwenye nyumba. Basi sasa anatembea anasema "jambo sita, jambo saba". Nimeiacha hivyohivyo, jambo zitaanguka zenyewe.

Habari nyingine: kisoro, ule mchezo wa bao la mashimo. Baba mkwe wangu anatoka kijijini ambako wanaume walikuwa wanachimba mashimo chini wakacheza. Goma hii utachimba wapi, chini ni mawe matupu ya volkano. Nikachukua makartoni ya mayai. Karatoni moja ina mashimo 30, tano kwa sita. Kisoro kinataka 32, mistari minne ya mashimo manane. Nilimwachia binti yangu wa miaka 12 hesabu hiyo na mkasi. Kwanza alikata vibaya, kisha akaona mwenyewe: kwenye kila karatoni toa kipande cha nne kwa nne, viunganishe, ndiyo hiyo nne kwa nane. Gundi ilikuwa uji wa muhogo.

Kete ni maharagwe 64, kila mmoja 32. Baba mkwe anawafundisha kwa kunyamaza, hilo sijaliweza mimi. Mtoto anachukua kete za shimo moja, anapanda moja moja mashimo yanayofuata, na ya mwisho ikiangukia penye kete anaokota tena anaendelea. Anayecheza ovyo anakuta mwenzake amemla. Anayekaa kwanza, akanong'ona midomo ikicheza, anajua ya mwisho itaishia wapi. Mzee anamngoja hata dakika tatu, hamharakishi, kisha anatikisa kichwa tu. Na kwa kuwa zilizoliwa hazitoki ubaoni, zinapandwa upya upande wa mshindi, mwisho wa mchezo tunahesabu: lazima ziwe 64.

Juzi zilikuwa 63. Tulitafuta chini ya kiti, chini ya mkeka. Ilikuwa puani kwa huyu wa miaka 3. Ilitoka kwa kupiga chafya, namshukuru Mungu, lakini nilitetemeka usiku mzima. Wenye wadogo nyumbani: ubao na kete vikae juu, na mtu ahesabu kabla ya kulala.

Fundi wa Mabanga (Goma)

Mimi ni seremala. Dadu msinunue, nitawaambia namna ya kuikata, pia mtacheka kilichonipata.

Chukua mbao ngumu, mimi nina mabaki ya libuyu, ukate kijiti cha mraba kisha ukatishe pande zote sawasawa. Nukta zitoboe kwa msumari wa moto. Pande zinazotazamana zijumlike 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Hilo mtoto alitafute mwenyewe, usimwambie.

Niliwakatia wangu moja haraka haraka. Baada ya siku tatu kijana wangu wa miaka 11 akasema, "Papa, hii dadu inampenda mtu anayeanza." Nikamwambia ni bahati. Hakuridhika. Akachukua kaye, akatupa mara 60, akipiga vijistari. Kwa haki kila upande ungekuja kama mara 10. Sita ilikuja mara 17, moja ikaja mara 15, zile nyingine nne zikagawana 28. Akaleta rula yangu mwenyewe akaipima mbele yangu: kati ya upande wa 1 na wa 6 ni milimita 14, kwingine ni 16. Niliikata bapa, basi inapenda kulalia tumbo au mgongo. Miaka yote hii napimia watu milango na mtoto ananionyesha milimita mbili.

Nimekata nyingine. Ile mbovu dada yake ameificha, nadhani najua kwa nini.

Papa wa Panzi (Bukavu)

Fundi, umeona? Ndiyo dadu hizo hizo za wale jamaa wa kamari! Lakini kusema kweli hiyo ya kutupa mara 60 nimeipenda. Mtoto aliyeona kwa kaye yake mwenyewe kwamba dadu inaweza kudanganya hatapeleka minervali kwa wale vijana.

Mama wa nyumbani kwangu anauliza kama kuna mchezo wa maneno. Hesabu tumeshiba.

Dada wa Nguba (Bukavu)

Papa, uko! Nina Scrabble ya Kifaransa, mchezo wa kupanga maneno kwa vibao vya herufi, tuliyoachiwa na jirani aliyehama. Vibao 102, E peke yake 15. Tulijaribu kuicheza kwa Kiswahili tukakwama dakika ya kwanza: K ni moja tu, W moja, Y moja. Huwezi hata kuandika "kuku" bila kibao kitupu. Na kwa kuwa kwa Kifaransa K na W ni adimu, kila moja ina pointi 10. Mdogo wangu akakuta "anapika" iko mezani, akaweka W mbele, ikawa "wanapika", akavuna 10 kwa W pekee. Kwa Kiswahili hiyo W ni sawa na kuokota jiwe Goma.

Basi tumekata vibao vyetu vya kartoni. Kazi iliyofundisha zaidi ilikuja kabla ya mchezo: nilimpa kila mtoto ukurasa mmoja wa kitabu cha nyimbo, ahesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Kwa kila mtoto A ilizishinda zote kwa mbali. Q na X hakuna aliyeziona. Tukagawa vibao 100 kwa hesabu hiyo, A tukaipa 20, K tukaipa 8, na herufi nyingi ikawa pointi 1, adimu ikapanda.

Kitu nilichojifunza mimi mtu mzima: kwa Kifaransa mchezaji anavizia mwisho wa neno, aweke S apate wingi. Kwa Kiswahili neno linakua kwa mbele. "Tu" ikawa "mtu". "Lima", "analima", "wanalima". Mtoto wa mwaka wa tatu aliyekuwa hajui viambishi ni nini anaviona vinaingia kimoja kimoja kama mabehewa.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)

Na "batoto" mnaikubali ama mpaka "watoto"?

Dada wa Nguba (Bukavu)

Hapo ndipo nyumba ilitaka kuungua. Kaka yangu alisema Kiswahili cha kitabu peke yake. Tukamuuliza "kaye" je? Akasema iandikwe "daftari". Mama yangu akamwambia, "Wewe ulipokuwa mdogo uliniomba pesa ya daftari lini?" Tumepitisha sheria moja: neno linakubalika kama aliyeliandika anaweza kulitia kwenye sentensi na mama akaelewa. Asiyeweza kueleza neno lake analitoa.

Sheria hiyo ina sababu. Mwaka 2015 Nigel Richards, mtu wa New Zealand, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakijui kukizungumza. Alikariri maneno tu. Namvulia kofia, kichwa kama hicho sina, lakini watoto wetu wanakariri Kifaransa cha ubaoni bila maana tangu asubuhi. Jioni nataka kinyume chake.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Hiyo ya kuhesabu herufi kwenye ukurasa naichukua kesho asubuhi. Sitaki ruhusa.

Mchuuzi wa Birere (Goma)

Faktire tumefanya. Mdogo wake alimkatalia tatu mfululizo, ya tatu alikataa kwa kuwa mwandiko mbaya. Karibu wapigane. Jumapili hii wanataka kubadilishana nafasi, mimi nimeambiwa niwe mteja na nisiombe mkopo.

Papa wa Panzi (Bukavu)

Tumekata vibao 100, K nane kama ulivyosema, dada. Nina kesi, naomba mwamuzi. Jana mama yangu, yule anayeogopa dadu, alikaa kucheza kwa mara ya kwanza. Alikuwa na herufi 7 mkononi, akapitia A iliyokuwa mezani, akaandika "kukaanga". Tukapiga makofi. Mjukuu wake wa miaka 9 akakaa kimya muda mrefu, kisha akaweka A, T, A mbele. Ikasomeka "atakukaanga".

Koko akauliza nani atamkaanga, na kwa kosa gani. Mtoto akasema, "Koko, ni sentensi tu, sheria inasema uelewe, na umeelewa." Koko amekataa pointi zake zihesabiwe chini ya neno kama hilo, ubao uko mezani tangu jana, hakuna anayeruhusiwa kuugusa.

Dada wa Nguba (Bukavu)

Papa, pointi ni za mtoto. Koko abaki na za "kukaanga", zake haziguswi. Na mwambieni apekue herufi zake kabla ya zamu, kwa mbele ya "atakukaanga" bado kuna nafasi ya H.

Papa wa Panzi (Bukavu)

"Hatakukaanga"! Nakimbia kumwambia.